Banzi la Mwembe

Mchoro wangu uliouzwa kwa bei kubwa kuliko yote ni wa mwembe. Nimeuchora juu ya mbao ya mwembe, na mbao yenyewe imetoka kwenye mwembe huohuo unaoonekana mchoroni. Watu wakilisikia hilo huguna kwa furaha, kana kwamba wameshirikishwa siri. Kwa muda mrefu niliupenda mguno ule. Siku hizi nikiusikia natafuta pa kuweka macho.

Mwembe ulikuwa wa bibi yangu, mzaa mama, huko Muheza, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Amani. Aliupanda mwaka wa Azimio, yaani 1967. Bibi hahesabu miaka kwa tarakimu, huihesabu kwa mambo: mwaka wa Azimio, mwaka wa vita vya Kagera, mwaka aliokufa babu. Ulikuwa wa dodo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuupunguza matawi, ulikuja kuwa mpana kuliko nyumba. Chini yake tulichagulia mchele, mama mdogo alifungiwa ndoa, na jeneza la babu liliswaliwa. Mimi nimekulia Dar, lakini Desemba zangu zote za utotoni ziko pale, nikiwa na utomvu wa embe umenibabua pembeni ya mdomo.

Mwaka 2019 mjomba aliandika kwenye grupu la familia la WhatsApp. Alitaka kujenga fremu mbili za maduka zitazame barabara, na mwembe ulisimama palepale. Tena mizizi imeanza kupasua ukuta wa choo. Mnunuzi wa gogo yupo. Mnasemaje? Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja juu. Nikaandika, "Sawa mjomba," nikaongeza kile kidole gumba. Shughuli yote ilichukua muda mfupi kuliko kondakta alivyotumia kunirudishia chenji.

Bibi hakuwemo kwenye grupu. Simu yake ni kitochi. Nimewahi kujitetea kwa kusema nilidhani wamemuuliza. Si kweli. Sikudhani chochote.

Nilifika Muheza Jumamosi iliyofuata, kwa safari niliyokuwa nimeipanga kabla. Gogo lilikuwa limeshauzwa kwa shilingi 180,000 na kupasuliwa mbao za kumwagia zege, matawi yamekwenda kwenye tanuru la matofali. Uwanja ulikuwa na mwanga mkali ambao sikuwahi kuuona pale, mwanga wa kituo cha mafuta. Nililia, na nililia kweli. Bibi alinitazama, akaniletea maji ya kunawa uso.

Kilichobaki ni mabanzi, yamesimamishwa kwenye ukuta wa choo. Banzi ni kipande cha kwanza ambacho msumeno hukivua kwenye gogo: upande mmoja umenyooka, wa pili bado una mgongo na gome lake. Seremala halihitaji, hulitupa au huwapa watu wazibie banda la kuku. Nilichagua kubwa kuliko yote, karibu urefu wa mlango.

"Unalipeleka wapi hilo?" bibi akauliza.

"Nataka kulichora, bibi."

"Ulichore nini?"

"Mwembe."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mke mwenzangu," ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa, "mbona hukuuchora uliposimama?"

Nikamjibu kwa utani kwamba uliposimama ulikuwa hautulii, upepo ukiuchezesha. Akacheka tena, akarudi jikoni. Kondakta wa basi alilitoza banzi nauli ya mtu mzima.

Acha nieleze kidogo kazi ilivyofanyika, maana humo ndimo nilimofurahi, na sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Mbao mbichi haichorwi. Ukiiharakisha itajikunja na rangi itapasuka, kwa hiyo niliilaza kivulini miezi sita, imewekewa vijiti chini ili hewa ipite. Mbao ya mwembe ina tabia ya kushika ukungu wa rangi ya kijivu inayoelekea bluu kabla haijakauka. Wauza mbao huhesabu madoa hayo kuwa kasoro, na mbao hushuka bei. Mimi niliyaona nikaacha msasa mkononi. Yalikuwa mawingu ya masika, yameshajichora yenyewe. Sikuyagusa, niliyawekea tu mti chini yake.

Mkaa nilioutumia ni wa vitawi alivyookota bibi akavipikia. Niliutwanga kwenye kinu, nikauchekecha kwa kipande cha khanga, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao. Ndio uliokuwa kivuli. Udongo mwekundu nilichota kwenye shimo la mzizi. Udongo una masharti: ukiupaka mzito unakauka na kupasuka kama ziwa la kiangazi, ukiupaka mwepesi unapeperuka ukiupulizia. Majani niliyakausha katikati ya kurasa za atlasi ya shule, nikayabandika moja juu ya jingine, na vanishi ilipoyapitia yakaiva rangi ya chai ya rangi. Majani makavu ya chini ya mti niliyatengeneza kwa nyuzi za kokwa. Maembe peke yake ndiyo niliyoyapaka rangi ya dukani, ile ya mafuta ya kupakia milango na mageti, kwa sababu hakuna kitu cha shambani kinachobaki njano. Kila kitu hubadilika kuwa kahawia kikikaa.

Nilijaribu pia kuhesabu miduara kwenye kisiki, nipate umri wa mti kama wanavyofanya kwenye filamu. Haikuwezekana. Mti wa Ulaya husimama kukua wakati wa baridi, na kila mwaka huacha mstari. Mwembe wa pwani, wenye vuli na masika na joto katikati, hauna daftari safi namna hiyo. Kwa hiyo ushahidi wa miaka 52 ya mwembe ule ulikuwa mdomoni mwa bibi tu, yaani kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anazungumzia vitanda vitatu. Cha kwanza ni kitanda chenyewe, wazo la kitanda, alichokifanya Mungu. Cha pili ni cha seremala, anayeliiga wazo lile kwa mbao. Cha tatu ni cha mchoraji, anayekiiga cha seremala, tena kwa upande mmoja tu unaoonekana kutoka alipokaa. Mchoraji kwa hiyo yuko mbali kabisa na ukweli, na Plato hana haja naye kwenye mji wake. Tulipofundishwa hayo chuoni tuliudhika, sisi tuliojiona wasanii. Leo kinachonishangaza ni kingine. Mzee huyu alikikagua kitanda kwa kila upande, asiulize mbao zake zilitoka wapi na nani alikuwa amekaa kivulini pake.

Nikiupanga mwembe wangu kwa ngazi zake napata hesabu ya ajabu. Mwembe wa kwanza, ule wenye majani na kunguru, haukuwa na bei. Mtu alikaa chini yake bure, akala bure, akazikwa bure. Wa pili, gogo la mpasua mbao, 180,000. Wa tatu, wa mchoraji, kipande cha pembeni ambacho hata mpasua mbao hakukitaka, 1,200,000. Kadiri mwembe ulivyozidi kutokuwepo, ndivyo ulivyozidi kupanda bei.

Ulinunuliwa kwenye maonyesho madogo Dar es Salaam. Pembeni yake nilikuwa nimebandika kikaratasi cha maelezo, kama ada ilivyo, nikaandika kwamba kazi hii ni maombolezo ya miti ya utotoni inayoangushwa na tamaa ya zege. Naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno, kwa sababu niliionea fahari. Watu walisoma, wakasikitika, wakawalaani wakata miti. Mmoja alinishika bega akaniambia pole. Nikasema asante. Nilisimama pale kama mfiwa, nikipokea pole za kifo nilichokitia kidole gumba. Na tamaa ya zege ni ya mjomba wangu, ambaye kodi ya fremu zile mbili ndiyo inayosomesha watoto wake watatu.

Rafiki yangu mmoja, mchoraji pia, nilipomweleza haya alinijia juu. Alisema ninatafuta usafi ambao haupo. Turubai ni pamba, na pamba ina dawa zake na mito yake iliyokauka. Akriliki ni plastiki, na plastiki ni mafuta ya petroli. Karatasi ni mti. Hakuna anayechora bila kuchukua kitu mahali. Tena, akasema, banzi lingekuwa banda la kuku, wewe umelipa heshima. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Sidhani kosa langu lilikuwa kuchora juu ya mbao.

Mfikirie Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya Dar, na akaanza kuchora mwaka 1968 juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Hadibodi ni nyuzi za mti zilizosagwa na kukandamizwa. Ukipenda unaweza kusema kwamba chui wake na ndege wake wanasimama juu ya unga wa msitu. Lakini sioni udanganyifu wowote pale. Alichora kwa sababu wanyama wale walimjaa kichwani na kwa sababu watu walinunua, akauza mchana kweupe, na alipouawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, baada ya kudhaniwa mhalifu, alikuwa ameshawaachia ndugu na wanafunzi wake kazi ambayo mpaka leo inalisha familia. Hakubandika kikaratasi cha kumlilia tembo.

Kosa langu basi lilikuwa kwenye kikaratasi. Na hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu huzuni yangu haikuwa ya kuigiza. Nilimlilia mwembe kabla sijajua nitauchora, sembuse kuuza. Machozi yalikuwa ya kweli na maelezo yalikuwa ya uongo, na hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana hata siku moja. Zamani niliamini kwamba mtu mwenye uchungu wa kweli hawezi kudanganya kuhusu uchungu huo. Sasa naona kwamba uchungu ndio unaofanya uongo uwe rahisi. Ukishalia vizuri, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi siku ile. Hata wewe hujiulizi.

Nilimtumia bibi shilingi 300,000 kwa simu. Alipotoka kwa wakala alinipigia, jambo ambalo hafanyi, maana kupiga ni kazi ya wajukuu.

"Hela hii ya nini?"

"Ya mwembe, bibi."

"Mwembe si mjomba wako alishauuza?"

"Ule mchoro wake umeuzwa."

Kimya. Nilisikia jogoo upande wake wa simu. "Kumbe umeuzwa mara mbili," akasema. Kisha akanishukuru, akaniombea dua, akasema atabadilisha bati mbili za jikoni. Hakuuliza niliuuza kiasi gani, nami sikumtajia. Nilikuwa nimempa robo. Robo hiyo niliifikia vipi, sijui. Mpanda mti anastahili sehemu gani ya picha ya mti? Sheria ya hakimiliki haimjui. Inanijua mimi. Mila ya pale nyumbani ingempa yote, kisha yeye angenirudishia kitu mkononi nikiondoka, kimefungwa kwenye pindo la khanga. Niliikwepa mila hiyo kwa kutuma kwa simu.

Desemba nilikwenda nikiwa nimeamua kumwambia. Tulikuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu mbele siku hizi ni fremu, moja ya vocha na soda, ya pili kinyozi. Nilianza kwa mbali, nikasema bibi, wakati ule mjomba anauliza kwenye simu habari za mwembe, mimi nami...

"Najua," akanikatiza. "Mjomba wako alinisomea majina."

Sikuelewa.

"Alikuja na simu yake akanisomea wote waliokubali. Wewe akasema umeandika sawa na umeweka kidole." Akanyanyua dole gumba lake, lililokunjamana, akalitazama kana kwamba yeye ndiye aliyeliweka. "Nikasema basi, ninyi ndio wenye mji."

Kwa hiyo alijua. Alijua aliponiletea maji ya kunawa. Alijua alipouliza mbona sikuuchora uliposimama. Kwa mwaka mzima niliubeba ule mzaha wake kama kumbukumbu tamu, nikawasimulia nao watu kwenye maonyesho, na kumbe ulikuwa swali. Tena ndilo swali pekee aliloniuliza katika shauri lote lile. Nilimwomba radhi. Akasema radhi alishatoa siku nyingi, akaniuliza kama Dar mvua zimeanza.

Nimesoma kuhusu picha za Fayum, kule Misri, za karne tatu za kwanza baada ya Kristo: nyuso za watu zilizochorwa kwa nta na rangi juu ya vibao vyembamba, vingine vya mti wa kutoka Ulaya, vingine vya mkuyu, mti uleule tunaoukuta kandokando ya mito yetu. Kibao kilifungwa juu ya uso wa maiti pamoja na sanda zake, na vyote vikaingia kaburini. Leo nyingi ziko kwenye makumbusho, London na kwingineko, na wageni wanazisogelea wakisema zinaonekana hai. Lakini zilipochorwa hazikuwa za mgeni. Mchoraji alilipwa, naamini, na sina ubaya na hilo. Picha yenyewe ilibaki na mwenye uso. Nikiwaza hivyo ndipo naona kwamba mimi sikuwahi hata kumwonyesha bibi mchoro ule ana kwa ana. Aliuona kwenye skrini ya simu ya binti wa jirani, juani, na akasema tu kwamba tawi la kushoto nimelifupisha. Kweli nimelifupisha. Banzi lilikuwa limekwisha.

Miezi minane baada ya mauzo, mama aliyenunua alinipigia kutoka Mbezi Beach. Chini ya mchoro, sakafuni, kuna unga mweupe. Anafagia asubuhi, jioni umerudi. Nilijua kabla hajamaliza. Mbao ya mwembe hupendwa na wadudu, na gome ndilo mlango wao. Dawa nilipaka upande wa mbele na kingo. Gome la nyuma niliogopa lisibanduke, nikalipitia juujuu. Fundi yeyote angelibandua lote. Mimi nililiacha kwa sababu lilipendeza pembeni, lilionyesha kwamba huu ni mti wa kweli.

Nilikwenda na dawa na bomba la sindano. Tuliushusha tukaulaza kifudifudi juu ya shuka kuukuu. Nilihesabu matundu 41, madogo kama ncha ya kalamu, nikaingia moja baada ya jingine. Mama yule alikaa kwenye kochi ananitazama, akasema kwa ucheshi kwamba labda tungewaacha tu, si ndiyo mazingira yenyewe hayo? Nilimrudishia tabasamu. Nilikuwa nawaza kwamba ndani ya mwembe ule, uliokufa mara mbili na kuuzwa mara mbili, bado kuna waliokuwa wakila na kulala bila kulipa, na niliyeletwa kuwamaliza ni mimi.

Mfukoni nilikuwa na kikaratasi kipya. Nilikuwa nimekiandika usiku, mara nne, kila mara kikifupika. Kilisema: Banzi la mwembe wa dodo, Muheza. Aliupanda bibi yangu mwaka 1967. Ulikatwa 2019. Sita tulikubali, mimi nikiwemo. Yeye hakuulizwa.

Nikampa mama asome. Alikisoma polepole, akanitazama, akakisoma tena. Nikamweleza kwamba ningependa kiende na mchoro, na kile cha zamani kama bado anacho akitupe. Akauliza nataka kikae wapi. Ukutani pembeni palikuwa na nafasi ya kutosha, na mkanda wa gundi ulikuwa mezani. Nikasema hapa panatosha, nikakibandika palepale nilipopiga magoti, kwenye gome. Kisha tukaunyanyua, yeye upande ule, mimi upande huu, tukautundika kwenye misumari yake. Kikaratasi kikaelekea ukutani.